Jiwe la nyuma la mkono wa gramafoni: lini ulibadilishe, na kwa lipi

Swali: "Mtaalamu, nina gramafoni inayozungushwa kwa mkanda, yenye mkono ulionyooka wa inchi 9. Nimetoa katriji yangu ya zamani (kile kifaa cha mbele chenye sindano) ya gramu 6, nikafunga Denon DL-103, na kati ya katriji na kichwa cha mkono nikaweka bamba la brasi la gramu 3, kwa sababu niliambiwa katriji hii inapenda mkono mzito. Jiwe la nyuma linalosawazisha mkono lina gramu 100. Kwa katriji ya kwanza lilikaa milimita 38 kutoka kwenye egemeo, pale mkono unapogeukia. Sasa nimelisogeza hadi mwisho wa kijiti cha nyuma kinacholibeba, milimita 45, na bado mizani inaniambia sindano inakandamiza kwa gramu 4.3. Muuzaji ananishauri jiwe la gramu 150 linaloning'inia chini ya kijiti. Anasema besi itashuka na sauti itafunguka. Ni kweli? Nichukue la uzito gani, na nilifunge vipi nisiharibu kitu?"

Ndugu yangu, kwanza acha kupiga santuri mpaka tumalize. DL-103 imetengenezwa ikandamize kwa gramu 2.5, ikipungua au kuzidi kwa 0.3. Kwa gramu 4.3 mpira unaoshikilia kijiti cha sindano unabanwa kupita kiasi, na mfereji wa santuri unalika kuliko inavyopasa. Mpira ule ukishalegea haurudi.

Sasa swali lako. Umenipa vipimo kamili, nami nakushukuru, kwa sababu bila hivyo tungebaki kukisia. Na vipimo vyako vinasema jambo ambalo muuzaji hakukuambia: jiwe lako halikuishiwa nguvu kwa sababu ya katriji. Liliishiwa nguvu kwa sababu ya lile bamba.

Tazama mkono wako kama mizani, maana ndivyo ulivyo. Mbele kuna katriji, mbali na egemeo. Nyuma kuna jiwe zito, karibu na egemeo. Ndiyo maana nakiita kile kipande cha nyuma jiwe, kama jiwe la mizani ya sokoni. Uzito mara umbali wa upande mmoja lazima ulingane na uzito mara umbali wa upande wa pili, ukiacha ile gramu moja au mbili unayotaka sindano ikandamize. Mkono wa inchi 9 huwa na takriban milimita 237 kutoka kwenye egemeo hadi kwenye ncha ya sindano, basi nitatumia namba hiyo.

Kwa katriji ya kwanza jiwe lako lilivuta 100 mara 38, yaani 3,800. Ukafunga katriji nzito zaidi kwa gramu 2.5, ukaongeza bamba la gramu 3: jumla gramu 5.5 mbele. Lakini DL-103 inataka kukandamiza zaidi. Kama ile ya zamani ulikuwa umeiweka kwenye gramu 1.75, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa katriji za namna hiyo, basi gramu 0.75 kati ya zile 5.5 huna haja ya kuzisawazisha. Zinabaki 4.75. Zidisha kwa 237 upate karibu 1,126. Jumlisha na 3,800: jiwe linatakiwa kuvuta 4,926. Gawanya kwa gramu 100, utapata milimita 49. Kijiti chako kinaishia 45, na hapo ndipo ulipokwama. Pungufu hilo ndilo linalokupa ile 4.3 uliyoisoma kwenye mizani. Hesabu na kipimo chako vimekutana, jambo ambalo linanipa imani na namba zako.

Toa bamba, urudie hesabu. Unachohitaji kusawazisha mbele kinashuka hadi gramu 1.75, jiwe linatakiwa kuvuta karibu 4,215, na lile lile la gramu 100 litakaa milimita 42. Linatosha, na nafasi inabaki. Kwa hiyo leo hii, bila kununua chochote, unaweza kusikiliza katriji yako ikiwa imewekwa sawasawa. Fanya hivyo kwanza.

Je, aliyekushauri kuweka bamba alikosea? Hapana, ushauri wake una msingi. DL-103 ilibuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa matumizi ya shirika la utangazaji la NHK, na mpira unaoshikilia sindano yake ni mgumu. Katriji na mkono vikikaa pamoja vinakuwa kama mzigo uliowekwa juu ya springi: mzigo ni mkono na katriji, springi ni ule mpira wa sindano. Kila mzigo juu ya springi una kasi yake ya kuyumba unayoipenda, ndiyo resonansi. Tunataka kasi hiyo iangukie kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Chini ya hapo inakutana na mawimbi ya santuri zilizopinda; juu sana inakaribia besi ya muziki wenyewe, ambayo huanzia 20.

Kupata namba hiyo, chukua 159 ugawanye kwa kipeuo cha pili cha uzito mzima ukizidishwa na ulaini wa sindano. Denon hutaja ulaini wa 5, lakini hupimwa kwenye mitetemo 100 kwa sekunde, kama desturi ya Wajapani wengi. Kwenye mitetemo 10, ambayo ndiyo inayotuhusu hapa, namba halisi huwa mara moja na nusu hadi mbili ya hiyo. Nachukua 8. Mikono mingi ya inchi 9 ya aina yako ina uzito tendaji wa gramu 11 hivi. Huo ni uzito ambao sindano inahisi ikijaribu kuusogeza mkono, wala si uzito wa mkono ukiuweka juu ya mizani. Bila bamba, pamoja na katriji na skrubu zake, unafika gramu 20 na nusu: resonansi 12.4. Ukiwa na bamba, gramu 24 kasoro kidogo: resonansi 11.5. Bamba limekurudisha ndani ya eneo zuri, lakini hata bila bamba hukuwa mbali nalo. Kwa masikio yangu DL-103 kwenye mkono wa gramu 11 hucheza vizuri, ila sauti ya kati huwa nyembamba kidogo ukilinganisha na mkono mzito. Wewe ndiye utakayeamua kama tofauti hiyo ina thamani kwako.

Tuseme umesikiliza, na unataka bamba lirudi. Hapo unahitaji jiwe jingine kweli, na tunaweza kuzungumzia la muuzaji.

Anachokuambia kinatokana na ukweli fulani wa fizikia. Kuvuta ni uzito mara umbali, lakini ukaidi wa kitu kuanza kusogea, ile inesha, ni uzito mara umbali mara umbali tena. Jiwe zito likikaa karibu na egemeo linaweza kuvuta sawa na jiwe jepesi lililoko mbali, huku likiuachia mkono wepesi wa kupanda na kushuka pamoja na santuri. Hiyo ni kweli tupu, na ndiyo sababu ya msingi ya biashara nzima ya mawe ya kubadilisha. Lakini kweli hiyo ina ukubwa wake, na ukubwa huo unahesabika.

Kwa ile 4,926 tuliyoipata, jiwe la gramu 100 likiwa kwenye kijiti kirefu cha kutosha lingeongeza gramu 4.3 kwenye uzito tendaji wa mkono wako. La gramu 130, likikaa milimita 38, linaongeza 3.3. La gramu 150, likikaa milimita 33, linaongeza 2.9. Kutoka 130 kwenda 150 umeokoa chini ya nusu gramu kati ya gramu 24. Ukiitia kwenye hesabu ya resonansi, inahama kutoka 11.5 hadi 11.6. Sijui sikio la kulipata hilo. Lile bamba dogo la gramu 3 limeisogeza resonansi kwa karibu 0.9, na hilo angalau mtu anaweza kulitafuta kwenye muziki. Na kumbuka pia kwamba wewe umeweka bamba makusudi ili mkono uwe mzito zaidi kwa katriji hii. Kununua jiwe la bei ili mkono huo huo uwe mwepesi ni kuvuta kamba kwa pande zote mbili.

Mbona basi watu wengi, wakiwemo waungwana ambao hawana cha kuuza, wanasema walibadilisha jiwe na sauti ikabadilika? Naamini walisikia walichosikia. Nimefunga mawe mengi kwa wateja na nimesikia tofauti mwenyewe mara kadhaa, na kila nilipofuatilia nilikuta chanzo ni kimoja kati ya viwili.

Cha kwanza ni kwamba mtu anapofunga jiwe jipya analazimika kupima upya uzito wa sindano. Wengi walikuwa wameuweka kwa kufuata mistari iliyochorwa kwenye jiwe la zamani, bila mizani. Mteja mmoja aliniletea gramafoni yake akisifu jiwe jipya, akaniomba nilifunge lingine kama hilo kwa ndugu yake. Nikapima ya kwake: gramu 1.8 barabara. Nikarudisha jiwe lake la zamani kwenye alama aliyokuwa akiitumia siku zote, nikapima: gramu 1.4. Kwa miaka yote ile sindano ilikuwa inaelea, haishiki mfereji vizuri, herufi za "s" zinapasuka kwenye nyimbo za mwisho za kila upande. Nililiweka lile la zamani kwenye 1.8 kwa mizani, tukakaa tukasikiliza wote wawili. Tofauti aliyokuwa akiisifia haikuwepo tena.

Cha pili ni kulegea. Mikono mingi ina mpira kati ya jiwe na kijiti, au kati ya kijiti na mwili wa mkono, uliowekwa na mtengenezaji ili kuzima mitetemo. Mpira huzeeka. Kwenye SME 3009, mkono wa Uingereza unaopendwa mpaka leo, sehemu ya nyuma imeunganishwa kwa mpira, na baada ya miongo kadhaa utaiona imeinama kama tawi lenye tunda zito. Jiwe likicheza, hata kwa kiasi usichokiona, nguvu za besi zinazotaka kuusukuma mkono zinakuta kitu kinachoyumba badala ya kitu kilichotulia. Hapo kufunga jiwe jipya linalobana vizuri kunaleta tofauti ya kweli, nami nasema hivyo bila kusita. Lakini mpira mpya wa vipimo sahihi ungeleta tofauti ile ile. Lishike jiwe lako kwa vidole viwili, mkono ukiwa umefungwa kwenye kishikizo chake, ulitikise polepole sana. Kama linagonga au linainama, umepata sababu nzuri ya kulibadilisha kuliko zote alizokutajia muuzaji.

Niongeze hapa tahadhari moja kwa wenye mikono ya aina nyingine watakaosoma. Dual ya Ujerumani, kwenye baadhi ya gramafoni zake za miaka ya 1970, iliweka ndani ya jiwe kizuia mitetemo kilichopangwa kwa ajili ya mkono ule. Ukilitoa jiwe kama hilo na kuweka pande la chuma tupu, umepoteza kazi ambayo wahandisi waliifanya kwa makusudi. Na mkono wa Technics SL-1200 una tundu la hesi nyuma kwa ajili ya kizito kidogo cha nyongeza. Mwenye katriji nzito afunge hicho kwanza kabla ya kufikiria jiwe lingine.

Turudi kwako: uzito gani? Nakushauri gramu 120 hadi 130. La 130 litakaa milimita 38, pale pale mtengenezaji wako alipokusudia jiwe likae. La 150 litakaa milimita 33, na hiyo ni nusu tu ya hadithi, maana ipo siku utarudisha katriji ya gramu 6. Siku hiyo la 150 litatakiwa kukaa milimita 25 kutoka kwenye egemeo, hesabu ikiwa ni hadi katikati ya jiwe. Jiwe la chuma la uzito huo lina unene wa karibu milimita 30, kwa hiyo uso wake wa mbele utakuwa milimita 10 tu kutoka kwenye egemeo, na kwenye mikono mingi hapo tayari ni ndani ya nyumba ya beringi. Halitaingia. Na kadiri jiwe linavyozidi kuwa zito ndivyo linavyozidi kuwa gumu kulipanga: kwa gramu 100 lako, badiliko la gramu 0.1 kwenye sindano ni mwendo wa milimita 0.24, kwa 130 ni 0.18; kwa 150 ni 0.16. Mawe mengi ya kubadilisha hayana hesi, unayasukuma kwa kidole tu. Jaribu kusukuma kitu milimita 0.16 kwa kidole ndipo utaelewa ninachosema.

Kuhusu maada, usisumbuke sana. Chuma kisichoshika kutu kina gramu 8 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, brasi 8.5, risasi 11.3, na tungsteni safi 19.3, ingawa yale ya dukani kwa kawaida ni aloyi yenye 17 hadi 18.5. Jiwe la gramu 130 lenye kipenyo cha milimita 32 litakuwa na unene wa milimita 25 likiwa la chuma, na 11 likiwa la tungsteni. Rega, watengenezaji wa gramafoni wa Uingereza, wametumia tungsteni kwenye mikono yao ya daraja la juu. Faida yake ni nafasi tu: jiwe fupi linaweza kusogea karibu na egemeo bila kugonga. Kama nafasi unayo, la chuma linatosha.

Sasa hilo la kuning'inia. Watengenezaji wanasema jiwe likishushwa mpaka karibu na usawa wa santuri, mkono unatulia zaidi. Kwenye mkono unaosimama juu ya ncha moja, ambao hauna beringi za pembeni, ni lazima liwe chini, la sivyo mkono utalala ubavu. Tena kwa kulizungusha jiwe hilo ndivyo unavyoisimamisha sindano wima. Mkono wako una beringi pande zote, kwa hiyo hauna haja hiyo. Na jiwe likiwa chini ya egemeo linaleta tabia ambayo ni vizuri uijue: mkono unakuwa kama pendulumu. Sindano ikipanda, jiwe linavutika kuelekea mbele, na sindano inakandamiza zaidi. Kwa jiwe la gramu 130 lililoshushwa milimita 10, mwinuko wa milimita 2 kwenye santuri iliyopinda unaongeza chini ya gramu 0.05. Kwa santuri, hilo ni dogo na halina madhara. Lakini kwa kipimo ni jambo kubwa. Ukiweka mizani ambayo sahani yake iko milimita 5 juu ya usawa wa santuri, utasoma zaidi ya gramu 0.1 ya ziada. Utadhani umeweka 2.5, kumbe sindano ikishuka kwenye santuri inakandamiza 2.4. Kwa hiyo ukichagua la namna hiyo, mizani yako lazima iwe kwenye usawa wa uso wa santuri, kwa kutoa zulia la sahani inayozungusha santuri au kuiweka mizani pembeni kwenye kimo kilichopimwa. Mimi kwa mkono wako ningechukua jiwe lenye tundu katikati, au lililoshuka kidogo tu, milimita 5 hivi.

Kabla ya kununua, fanya jaribio ambalo nawasihi wateja wangu wote walifanye. Tafuta utepe wa risasi, au chubwi laini za wavuvi uzigonge ziwe bapa, upate gramu 30. Uzungushe utepe huo kwenye jiwe lako la zamani, sawasawa pande zote, ukaze kwa gundi ya karatasi. Sasa una jiwe la gramu 130. Rudisha bamba, pima uzito wa sindano, sikiliza kwa wiki nzima santuri unazozifahamu. Nawa mikono kila ukishika risasi, na usiwaachie watoto wachezee. Ukiridhika na unachosikia, umejua jiwe la dukani litakupa nini kabla hujatoa fedha. Na kama hukuona cha maana, umejua pia.

Ukiamua kununua, pima kijiti chako kwa kalipa ya vernia kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita, sehemu tatu tofauti, na uangalie kama kina hesi au ni laini. Kuna historia hapa. Rega walipotoa mkono wa RB300 mwaka 1983, bomba lake likiwa la alumini iliyomiminwa kipande kimoja, kampuni nyingi za gramafoni ziliuchukua mkono ule na ndugu zake, na soko la vipuri likakua kuwazunguka. Ndiyo maana mawe mengi utakayoyaona yametobolewa kwa kipimo cha Rega. RB250 ilikuja na kijiti cha plastiki, na watu wengi hukibadilisha kuwa cha chuma kwanza. Naona hilo ni badiliko la maana kuliko jiwe lenyewe. Lakini kukifungua kunataka utulivu mkubwa. Ukishika kichwa cha mkono huku unasokota kijiti, nguvu yote inapita kwenye beringi, na beringi zikishapata nafasi ya kucheza hakuna jiwe litakalozirudisha. Lazima ushike sehemu ya nyuma ya mkono yenyewe, karibu kabisa na kijiti. Kama huna uzoefu, mpe fundi.

Kufunga kwenyewe hakuchukui nusu saa. Sawazisha gramafoni kwa pimamaji. Vika sindano kinga yake, funga mkono kwenye kishikizo, na usiufungue mpaka jiwe jipya liwe mahali pake. Nasisitiza hilo kwa sababu jiwe likitoka nyuma, mbele ya mkono wako kunabaki uzito wa zaidi ya gramu 20 juu ya sindano iliyozoea 2.5. Niliwahi kuona kijiti cha sindano kikivunjika namna hiyo mkononi mwa mtu makini kabisa, aliyegeuka mara moja kuitikia mlango.

Ingiza jiwe jipya mpaka nyuma kabisa, ili mkono ukifunguliwa upande wa mbele uinuke badala ya kuanguka. Lisukume mbele kidogo kidogo huku ukilizungusha kwa upole, mpaka mkono uelee. Halafu mbele tena mpaka mizani isome 2.5. Sahau mistari ya jiwe la zamani, na usiihamishie kwenye jipya: hata kwa hesi ile ile, alama ya gramu 2.0 ya jiwe la gramu 100 ni gramu 2.6 kwa jiwe la 130. Tumia mizani ya dijitali isiyo na chuma, kwa sababu sumaku iliyomo ndani ya DL-103 ni kali na inaweza kunasa sahani ya chuma ghafla.

Skrubu ya kukazia iwe na ncha ya nailoni, na uikaze mpaka jiwe litulie, basi. Skrubu ya chuma ikikazwa kwa nguvu inachimba kidimbwi kwenye kijiti, na kuanzia siku hiyo kila ukitaka kusogeza jiwe kwa sehemu ndogo, litateleza lirudi mle mle. Nimekuta vijiti vya namna hiyo, na dawa yake ni kununua kijiti kipya.

Ukimaliza, inua mkono hadi juu kabisa na uupitishe kutoka kwenye kishikizo hadi katikati ya sahani, ukitazama kama jiwe linagusa ubao wa gramafoni chini, au mfuniko nyuma. Panga upya antisketingi, ile nguvu ndogo inayozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri, kwa sababu imefuata uzito wa zamani wa sindano. Baada ya siku mbili pima tena. Mawe yaliyobanwa kwa nailoni husogea kidogo yakishatulia.

Na unapolinganisha sauti ya jiwe moja na lingine, uzito wa sindano uwe ule ule kwa tofauti isiyozidi gramu 0.05, la sivyo unalinganisha uzito wa sindano na si mawe. Sikiliza nyimbo za mwisho wa kila upande, karibu na karatasi ya katikati, ambako mkono hupata taabu zaidi: je, "s" za mwimbaji ni safi, na noti ndefu ya piano imesimama bila kuyumba? Besi kubwa ya mwanzo wa upande haitakuonyesha kitu. Kwenye kipande cha karatasi andika umbali wa jiwe kwa milimita, uzito uliosomwa na katriji iliyofungwa, ukibandike chini ya gramafoni. Siku utakayorudisha katriji ya zamani hutaanza tena kutoka sifuri.